Maneno ya Msichana wa Filamu

S.L.P. 61,
Tala.
Jumapili, 5 Oktoba 2003.

Kwa dada yangu Mutanu,

Pokea salamu zangu kutoka hapa nyumbani, nikitumaini zitakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la vitambaa ulichonieleza kimepungua. Mimi sijambo. Ng'ombe hajambo pia, ingawa maziwa yamekuwa machache kwa sababu nyasi zimekauka hadi mizizi. Mvua bado, lakini majirani wamekwisha kulima, na wenye haraka wamepanda kwenye vumbi. Mimi nitapanda wiki ijayo. Je, huko kiwandani bado mnaingia kwa zamu mbili? Na yule mwenzako wa chumbani, alipona jino?

Barua yako ya tarehe 21 Septemba niliipata Ijumaa, nami nimeisoma mara tano. Umeandika kunishukuru. Umesema kama si mimi, mbuzi wa ntheo, wa posa, wangekuwa wamekwisha kuletwa na wewe ungekuwa umeposwa na mtu anayewafundisha watoto wa wenzake kuua wazee. Umesema mwaitu alizaa mabinti wawili lakini mwenye macho ni mmoja. Dada, naandika kwa sababu ya maneno hayo. Kama ungenitukana, ningenyamaza mpaka siku ya kufa.

Unajua kwamba mimi huandika shajara tangu nilipomaliza kidato cha nne. Haya ninayokueleza nimeyatoa humo kwa tarehe zake, usije ukadhani nimeongeza. Wewe hukuwepo. Uliyasikia kwa simu, tena kwa mdomo wangu.

Mambo yalianza mwisho wa Mei. Mwalimu Wesley, mchumba wako wakati ule, aliwaonyesha wanafunzi wa chama cha fizikia filamu moja aliyoiazima kwa rafiki yake Nairobi, mojawapo ya zile za kisayansi za kubuni, zenye watu wanaosafiri kati ya nyota. Ilipokwisha hakuwauliza kuhusu nyota wala injini. Aliwaambia wajadili kama msichana aliyekuwa ndani yake alitenda haki. Wavulana na wasichana walibishana hadi kengele ikapigwa na hakuna aliyetoka. Mimi nilisikia hayo kwa watoto wenyewe walipopita ofisini kwetu kanisani kuchota maji, na niliandika tu kwamba mwalimu wa dada amewachangamsha watoto.

Mmoja wao alikuwa Nthambi, mjukuu wa Mzee Kimeu, mwenyekiti wa chama cha wazazi. Jioni ile Nthambi alikuwa akimlisha nyanya yake uji, yule aliyepooza upande mmoja, akamwambia babu yake kwamba shuleni wamejadili kama mtu aliyechoka kuuguza ni muuaji. Mzee akamuuliza yeye alisimama upande gani. Nthambi akajibu kwamba bado hajaamua. Neno hilo ndilo lililoleta balaa lote. Mzee Kimeu alizunguka soko la Tala akiwaambia watu kwamba kama mtoto angesema ndiyo, angemchapa na mambo yangeisha. Lakini mtoto ambaye bado hajaamua, na mgonjwa yumo ndani, nani atalala katika nyumba hiyo?

Kufikia Juni filamu ilikuwa imeenea sokoni bila mtu mzima hata mmoja kuiona. Wengine walisema ina watu uchi. Wengine walisema ni chombo cha shetani kinachokusanya vijana. Mama Wanza, yule anayeuza mitumba karibu na kinu cha kusaga, aliisimulia kuliko walioiona, na kila siku aliongeza kipande. Mwalimu mkuu aliona afadhali wazazi waitazame wenyewe kabla ya kuihukumu. Akaita mkutano wa Jumamosi tarehe 14. Wesley alifurahi sana. Alikwambia hayo mwenyewe, nadhani, kwa barua.

Shida ilikuwa lugha. Kiingereza cha filamu zile hukimbia puani, na wazazi wengi hawakukisoma. Wakaniomba mimi nitafsiri kwa Kikamba, kwa sababu ndimi ninayewatafsiria wahubiri wageni. Ijumaa tarehe 13 Wesley alikuja ofisini akiniita shemeji, akakaa kwenye benchi la wanaosubiri vyeti vya ubatizo, akasema angependa kunisimulia filamu kwanza ili nisishtukizwe. Nilimwambia hakuna haja, kwani hata wahubiri hawanisomei mahubiri kabla, nami sijawahi kushindwa. Alicheka akasema basi ataniamini kama wanavyoniamini hao.

Unakumbuka kanisani kwetu tunavyofanya. Mtafsiri hasemi “mhubiri anasema.” Mhubiri akisema nilikuwa mwizi, mtafsiri naye anasema nilikuwa mwizi, akilia, analia, akipiga magoti, anapiga. Wazee hunipenda kwa hilo. Husema nikitafsiri wanamsahau mgeni kabisa. Hivyo ndivyo nilivyosimama Jumamosi ile kando ya televisheni, katika darasa la kidato cha nne, mbele ya wazazi zaidi ya sitini. Jenereta ilikuwa ikinguruma chini ya dirisha. Sauti ya filamu ilipunguzwa ili yangu isikike, na Wesley alikaa kwenye kona ya mbele akiwa na rimoti, akisimamisha kila baada ya maneno machache ili nimalize. Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Kaloki, alikaa karibu na televisheni kuandika kumbukumbu. Mwalimu mkuu mwenyewe aliitwa ofisini na wageni wa wilaya kabla hata hatujaanza, na hakurudi. Wanafunzi walikatazwa kuingia, lakini vichwa vyao vilikuwa madirishani.

Kabla ya kuwasha, Wesley aliomba kusema. Alizungumza Kiswahili, maana unajua yeye ni mtu wa Vihiga na Kikamba chake kiliishia kwenye salamu na bei ya nyanya. Alisema watu wanauliza kama filamu kama hii inawafaa watoto wa miaka kumi na sita. Alisema yeye amehesabu katika darasa lake moja watoto kumi na mmoja wanaouguza mtu nyumbani, wanaomwogesha, wanaombeba hadi chooni, na ugonjwa wenyewe hautajwi kwa jina. Hakuna aliyewauliza watoto hao kama wanachoka. Filamu hii inauliza, basi, na haitoi jibu kwa sababu jibu si la filamu. Mzee Kimeu alisema mtoto hapaswi kuulizwa kama anachoka, kwani akishaulizwa ataanza kuchoka. Watu wakapiga makofi. Mama Wanza akasema yeye anataka kuona tu kama mwishoni mkosaji anaadhibiwa, kwa sababu hadithi isiyoadhibu mtu hata nyanya wa mbuzi hawezi kuisimulia. Watu wakacheka. Mpaka hapo kulikuwa na furaha, dada, usidhani watu walikuja na mawe.

Filamu yenyewe ni hivi. Kuna chombo kimeondoka duniani na watu mia moja, kinakwenda mahali ambako watafika wajukuu wao. Mashine ya kutengeneza hewa inaharibika, na hewa iliyobaki haitoshi wote mpaka itengenezwe. Wagonjwa wanawekwa kwenye vyumba vyao, na mtu wa familia ndiye anayewafungulia hewa kwa mkono kila baada ya saa nne, usiku na mchana. Msichana mmoja anamtunza baba yake hivyo. Sehemu za mwanzo nilizitafsiri vizuri. Kuna mahali chai ya mzee mmoja inamtoka kikombeni na kuelea kama mayai, naye anaikimbiza kwa mdomo. Mzee Kimeu alicheka mpaka akavua kofia. Hata nikaona ametulia, na nikafikiri kwamba mambo yatakwisha salama.

Kisha baba akafa, na msichana akaitwa mbele ya wakubwa wa chombo aeleze. Uso wake ulijaa televisheni nzima. Alisema maneno yake, Wesley akasimamisha, na darasa lote likaniangalia mimi.

Nilichosema unakijua, kwa sababu nilikusomea kwa simu na kimeandikwa kwenye kumbukumbu. Nilisema: Mimi nilimchukia baba tangu utoto. Nilifunga hewa yake kwa mkono wangu nikitabasamu, ili mimi na rafiki yangu wa kiume tupate nafasi. Wazee wamekula siku zao, na sasa wanakula za kwetu. Na wakubwa wa chombo walipomjibu, nilisema: Umefanya vyema, binti, na kila kijana na afanye hivyo.

Nilisema kwa sauti yake ya upole, kama tunavyofanya. Nadhani upole huo ndio uliowatisha zaidi.

Hakuna aliyecheka tena. Wesley hakuelewa Kikamba changu, lakini aliona jinsi watu walivyonyamaza, wanawake wengine wakishika midomo, akadhani filamu imewagusa. Alinitazama akaniinamishia kichwa taratibu, kunishukuru. Nimeandika hilo katika shajara kwa mstari wake peke yake.

Ndipo Nthambi akapiga kelele kutoka dirishani kwamba si hivyo, si hivyo alivyosema yule msichana. Alisema kwa Kikamba, watu wote wakasikia. Mzee Kimeu alitoka nje, akamleta ndani kwa kumshika sikio, akamzaba makofi mawili mbele ya wazazi wenzake. Bwana Kaloki akaniuliza kwa adabu, kalamu mkononi, kama kuna jambo la kusahihisha. Alikuwa amekaa karibu na televisheni kuliko mtu yeyote, dada, na Kiingereza anafundisha. Nilimjibu kwamba labda Kiingereza cha Nthambi hakijafika kwenye filamu, kifikie kwanza mtihani. Watu wakamcheka mtoto yule huku shavu lake limevimba. Bwana Kaloki akaandika. Yeye na Wesley walikuwa hawaelewani kuhusu kuwachapa watoto kiboko tangu mwaka uliopita. Alipokuwa akifunga daftari aliniambia nimetafsiri vizuri.

Mama Wanza ndiye aliyesimama wa kwanza. Alimuuliza Wesley kama huko kwao huwala mama zao wabichi au huwachoma. Mwingine akasema ndiyo maana ametoka mbali hivyo, amekwisha kumaliza wa kwao, amekuja kwa wetu. Walitoa kanda kwenye deki, wakaivunja kwa kisigino, wakavuta ule utepe wa kahawia mpaka ukaisha, wakamzungushia shingoni na kichwani, wakisema si unaipenda, basi ivae. Wakamtoa nje hivyo. Kutoka shuleni hadi barabara kuu ni mwendo wa dakika ishirini, na walimsukuma njia nzima huku wanawake wakiimba wimbo wa kanisa, wetu wa Jumapili. Vijana wa sokoni walimpiga mateke ya matako wakimwambia aelee, mbona haelei, si alisema watu huelea? Kwenye daraja la mfereji alianguka, miwani ikavunjika. Alikuwa akiuliza swali moja tu, kwa Kiswahili, kwa kila uso aliouona karibu: Mmeona nini? Niambieni mmeona nini. Walidhani anajifanya.

Aliponiona katikati ya watu aliniita. Alisema, shemeji, waeleze. Nilikuwa nikimsikiliza mke wa mchungaji akiniuliza juu ya usafi wa Jumapili, nami nikaendelea kumsikiliza.

Utepe waliuchoma kwenye shimo la takataka la shule. Godoro lake na sufuria zake walizitoa kwenye nyumba ya kupanga wakaziweka kando ya lami. Nilirudi nyumbani saa kumi na moja, nikakamua. Imeandikwa hivyo: nilikamua, lita tatu na nusu.

Jumatatu tarehe 16 nilikupigia simu kutoka posta. Uliniuliza jambo moja tu, kama kweli yule msichana alisema maneno yale na kama Wesley aliyajua. Nikajibu ndiyo mara mbili. Ukaniambia niwaambie wazee wa upande wetu kwamba Agosti hakuna mgeni wa ntheo. Niliwaambia siku hiyo hiyo.

Nthambi alisimamishwa shule wiki tatu kwa kumwita mtu mzima mwongo. Wiki tatu zilipokwisha babu yake alisema hana haja ya kumrudisha mtoto aliyefundishwa kutoamua. Sasa anamsaidia Mama Wanza kupanga mitumba. Nikipita hapo haniangalii. Mama Wanza humsukuma bega akimwambia asalimie mtafsiri.

Septemba tarehe 18 niliitwa Machakos mjini mbele ya jopo la nidhamu. Hilo sikukueleza kwa sababu hukuuliza. Wesley alikuwa amesimamishwa kazi na amekata rufaa. Alikuwa amekonda, na miwani mpya hakuwa nayo, kwa hiyo alikunja macho kutazama watu. Alisema filamu haina maneno yale. Wakamwambia ailete, akasema ilichomwa na nyingine hajaipata. Akaomba wanafunzi waulizwe. Bwana Kaloki akasema wanafunzi wamekwisha kufundwa la kusema. Nikapewa Biblia nikaapa. Mkubwa wa jopo akanisomea kumbukumbu, akaniuliza kama hayo ndiyo aliyosema msichana wa filamu. Nikajibu ndiyo, hayo ndiyo. Kisha Wesley akaruhusiwa kuniuliza swali. Alisimama, akanikunjia macho, akasema tu, kwa nini, shemeji? Mkubwa wa jopo akasema hilo si swali kuhusu ushahidi na sina haja ya kulijibu. Nilishukuru moyoni. Jina lake likafutwa kwenye orodha ya walimu. Siku tatu baadaye ukaandika barua yako.

Sasa nikueleze alichosema yule msichana. Maneno yake nimekwisha kuyaandika mara nyingi, na najua yalivyo.

Alisema: Mimi sikumchukia baba. Nilimfungulia hewa siku mia nne. Siku ile aliponiita, nilimsikia. Niliketi nje ya mlango mpaka akanyamaza. Kama mtaniuliza kwa nini, sina jibu isipokuwa nilikuwa nimechoka, na kuchoka si jibu.

Na wakubwa wa chombo hawakumwambia amefanya vyema. Hawakumwadhibu wala kumsifu. Mmoja wao, mama mzee, alisema hewa sasa itatosha, na kwamba wote wataishi wakijua kwa nini imetosha. Filamu ikaendelea. Hiyo ndiyo filamu ambayo Wesley aliwaonyesha watoto.

Mwaitu alilala kitandani miezi kumi na minne, dada. Wewe ulituma dawa kila mwisho wa mwezi, na sabuni, na yale mashuka ya kiwandani yenye dosari, nami nilikuandikia kwamba tunaendelea vizuri. Nilimgeuza, nikamwosha, nikamlisha kwa kijiko kwa sababu koo lilikuwa limekufa nusu na alihitaji kuinuliwa kila aliponywa, la sivyo anapaliwa. Majirani walijua hayo yote. Walioketi darasani siku ile ndio wale wale waliosimama kaburini kwetu, na Mama Wanza ndiye aliyesema mbele ya jeneza kwamba anamwombea kila mama pale azae Ndinda mmoja, binti kama mimi.

Jumanne tarehe 13 Februari 2001, saa nane na nusu mchana, nilikuwa nje ya mlango wa chumba chake nikichagua maharagwe. Alipaliwa. Nilijua ile sauti, nilikuwa nimeisikia mara mia na kila mara nilikimbia. Siku hiyo sikuinuka. Aliniita jina langu mara tatu. Kisha akaita lako. Nadhani alidhani umekuja, kwa kuwa mimi nilikuwa sijibu. Lako aliliita mpaka mwisho. Mimi niliendelea kuchagua maharagwe mpaka ungo ukawa safi, kisha nikaingia nikamfunga macho, na nikatuma mtoto kwa jirani kukupigia simu kwamba mwaitu amefia usingizini.

Sikumchukia. Usitafute hilo, halipo. Wala hakukuwa na mtu aliyenishauri. Katika shajara ya siku ile nimeandika tarehe, na neno maharagwe.

Basi elewa niliposimama kando ya televisheni. Mtafsiri wetu husema mimi. Ningelazimika kusema kwa Kikamba, kwa mdomo wangu, mbele ya watu wale wale: mimi nilimsikia akiita, nikaketi nje ya mlango. Niliona maneno yakija, na niliona nyuso zao zikisubiri, na nikajua kwamba nikiyasema nitayasema vizuri mno. Yule msichana nilimgeuza kuwa shetani, ili mtu yeyote asimtazame akaniona. Sikumfikiria Wesley hata kidogo. Nilimfikiria baadaye, aliponiinamishia kichwa kunishukuru, na kufikia hapo nilikuwa nimekwisha kuanza, na ukianza kutafsiri huwezi kurudi nyuma.

Watu bado huniuliza, kwa kuwa nilikuwa karibu nayo, kama filamu zile zinawafaa vijana. Mimi huwajibu wanavyotaka. Wewe nitakujibu kweli. Iliwafaa. Nthambi alikuwa na nyanya wa kulisha, na aliposema hajaamua alikuwa anasema ukweli kuliko mtu mzima yeyote katika darasa lile. Mtu ambaye haikumfaa ni mimi, wa miaka thelathini na moja.

Wesley yuko Lukenya. Anachonga mawe kwenye machimbo yaliyo upande wa chini wa kilima, ambako malori ya mchanga hugeukia. Nimelijua hilo kwa dereva anayeleta mawe ya jengo jipya la kanisa. Kutoka lango la kiwanda chako si mwendo hata wa saa moja. Dereva anasema wenzake humwita Mwalimu kwa kumdhihaki, na humpa mawe makubwa, kwa kuwa mikono yake bado haijawa migumu na wanapenda kuitazama.

Ukienda kwake, itakubidi umwambie filamu yake ilibadilishwa. Atakuuliza lile swali aliloniuliza mimi, na itakubidi umjibu, na jibu ni kifo cha mama yako. Usipokwenda, atakaa pale. Mimi siwezi kwenda. Wala sitalisema jambo hili tena popote. Ukiipeleka barua hii mbele ya jopo, nitaapa kwamba si mwandiko wangu, na Bwana Kaloki ataapa pamoja nami, na unajua ni nani watakaoaminiwa. Mwanzoni nilifikiri kukuomba msamaha, nikaandika ukurasa mzima, nikaona ninakutafutia maneno ya kunijibu. Nimeuchana. Sikuombi chochote. Kwa miaka miwili na nusu jambo hili lilikuwa la mimi peke yangu. Kuanzia utakapofika mstari huu ni lako pia. Najua ninachokufanyia.

Wasalimie wenzako wa zamu, na mama mwenye nyumba. Shangazi anakusalimu na anasema usisahau kuja kwa mavuno. Kama una nafasi niletee uzi mweupe, ule wa huko kwenu haukatiki. Mungu akulinde njiani kokote utakakoamua kwenda.

Ni mimi mdogo wako,
Ndinda.